Nailoni Juu ya Viti

Kufuli ya mlango wa mbele ilikataa kufunguka. Niliitia mafuta ya kupikia kwa ncha ya kijiti, nikangoja kidogo, nikazungusha ufunguo tena huku mama amesimama nyuma yangu akinimulikia kwa tochi ya simu. Ulikuwa mkesha wa Krismasi ya 2021, saa mbili usiku imeshapita, na sisi wanne, mimi, mke wangu na watoto wawili, tulikuwa tumetoka Nakuru asubuhi. Gari lilichemka Londiani, tukakaa kando ya barabara mpaka fundi akapatikana. Mlango ulipokubali, ilitoka harufu ya saruji, vumbi na mavi ya popo. Niliwasha taa. Viti vya watu saba, vya rangi ya kahawia, vilikuwa pale pale nilipoviacha, bado vimefungwa kwa nailoni vilivyokuja nayo kutoka dukani miaka mitatu nyuma. Mtoto wangu mdogo akakalia kimoja, nailoni ikalia chini yake, akainuka.

"Baba, twende tulale kwa nyanya."

Tukafunga mlango, tukaenda kulala kwa nyanya.

Nyumba hiyo iko Vihiga, magharibi mwa Kenya. Nimetaka kuandika habari zake kwa muda mrefu, kwa sababu kila nikikaa na walimu wenzangu, au na vijana niliowafundisha ambao sasa wana kazi na madeni yao, mazungumzo huishia mahali pamoja: watu wamechoka. Si uchovu wa kazi peke yake. Ni uchovu wa kufukuza kitu ambacho ukikikaribia kinasogea. Nami nikitafuta mfano wa jinsi nilivyokuwa nikiishi, sipati ulio wazi kuliko ile nyumba. Vyumba vinne vya kulala, sebule ya vigae, mabati ya rangi ya maruni, na katika mwaka mzima wenye siku 365, tulikuwa tukilala humo siku tisa.

Mimi ni mtoto wa landhi. Baba alikuja Nakuru kufanya kazi ya reli, nikazaliwa na kukulia kwenye nyumba za reli, mahali ambapo Mluhya, Mjaluo, Mkikuyu na Mkamba waliishi ukuta kwa ukuta na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani. Sitaki kuyapamba maisha yale. Choo kilikuwa cha watu wengi, na mvua ya Aprili ilitukuta kitandani. Baba alikuwa na baiskeli, redio, na kaunda suti moja ya kijivu ya Jumapili. Reli ilipopunguza wafanyakazi miaka ya tisini, naye akapunguzwa, akarudi Vihiga na kile kidogo alicholipwa, akapanda migomba na majani ya ng'ombe kwenye shamba lisilofika ekari moja.

Alifariki 2014. Siku ya mazishi, umati umejaa uani, mzee mmoja wa ukoo alisimama kutoa shukrani, kisha akanigeukia. "Huyu mwalimu wetu wa Nakuru amesoma, ana kazi ya serikali, lakini hapa hana hata simba. Siku Mungu akimwita tutamlaza wapi?"

Simba ni kijumba cha kijana wa kiume kwenye boma la baba yake. Wasiotoka upande wetu huenda wasiuone uzito wa maneno hayo. Kwetu, na kwa majirani zetu Wajaluo vilevile, mwanamume huulizwa amesimamisha nini kwenye boma la baba yake. Anaweza kuwa na jumba Nairobi, lakini kama hana nyumba nyumbani, maiti yake ikiletwa ni kama imeletwa ugenini. Nimewahi kuona kibanda cha mabati kikijengwa kwa siku mbili, usiku na mchana, kwa ajili ya marehemu ambaye hakuwahi kujenga. Kwa hiyo sikuyachukua maneno ya mzee kama mzaha. Niliyachukua kama deni, na mwaka uliofuata nikachukua mkopo.

Vihiga ni kati ya kaunti za mashambani zilizosongamana zaidi nchini. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Ardhi ya namna hiyo haina mahali pasipo na kazi. Nyumba yangu ilijengwa palipokuwa na migomba ya mama, mashina kumi na saba, na mparachichi ambao baba aliupanda mwaka aliorudi. Nilimpigia mama simu kumwambia mafundi wangekuja Jumatatu kusafisha kiwanja. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Sawa, baba. Mungu akubariki." Nilichosikia siku hiyo ni baraka.

Nakuru nako kulikuwa na mbio zake. Tarehe 1 Desemba 2021, wiki tatu kabla ya Krismasi ile, mji wetu ulipewa hati ya kuwa jiji, wa nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Nilifurahi kama mzaliwa yeyote wa hapa. Lakini kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo, neno "jiji" lilikuwa limeshakuwa fimbo mikononi mwa madalali: usiponunua sasa hutanunua tena. Katika chumba cha walimu, chai ya saa nne ikiwa mkononi, habari zilikuwa ni ploti za hamsini kwa mia kule Lanet na Kiamunyi, nani ameweka amana, nani ameshapata hatimiliki, nani bado anapanga nyumba. Kupanga lilikuwa neno la aibu. Watu walilitamka kama wanaotaja ugonjwa.

Gari nililinunua 2018. Kutoka Section 58 tunakoishi hadi shuleni ninakofundisha ni dakika thelathini na tano kwa miguu, kwa hiyo siwezi kusema lilihitajika. Mwenzangu tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja alikuwa amenunua lake, na kila asubuhi alinipita barabarani akipiga honi. Alikuwa akinisalimu, kwa moyo mweupe kabisa. Mimi nilisikia kitu kingine kwenye ile honi.

Na kazi yangu yenyewe ilikuwa kufundisha mbio hizo hizo. Nimefundisha Kiswahili darasa la nane kwa miaka mingi. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulianza mwaka wa 1985 na ukafanywa kwa mara ya mwisho 2023. Nilipoufanya mimi, jumla ilikuwa alama 700. Baadaye masomo yakapunguzwa, ikawa 500. Mtu ambaye hakuwa mzazi, mwalimu au mtahiniwa miaka ile hawezi kujua "mia nne" ilimaanisha nini. Ilikuwa kama mstari uliochorwa chini: huku watoto waliofaulu, kule wengine wote. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza tuisheni za likizo, nasi tuliifahamu. Tulizifundisha hata hivyo, tukaziita marudio. Watoto walifika shuleni kabla jua halijachomoza, wengine wakisinzia na kalamu mkononi, nami niliwagonga begani niwaamshe.

Mwaka 2017 nilikuwa na msichana mmoja, hodari wa insha, mtoto anayesoma kamusi kwa kupenda tu. Matokeo yalipotoka alipata 391. Walikuja shuleni na babake. Baba mtu hakukasirika wala hakupaza sauti, aliitazama simu yake tena na kusema, "Tisa tu. Tisa zimekuangusha." Yule mtoto alinitazama mimi, akaninyoshea mkono wa salamu, akasema, "Mwalimu, nisamehe."

Nilimwambia hakuna cha kusamehe, amefanya vizuri. Lakini kwa sauti gani? Moyoni nilikuwa nikihesabu wastani wa darasa, nikiona zile tisa zingetufaa. Hilo limekaa nami kuliko kosa lolote nililofanya darasani, na sina hakika kwamba naye limemtoka.

Mikopo nitaieleza kwa kifupi, maana wengi wanaijua kwa ngozi yao. Nilianza kazi kabla M-Pesa haijaja mwaka wa 2007. Kukopa wakati huo kulitaka safari: ujaze fomu, utafute wadhamini, ungoje. Mikopo ya simu ilipokuja, M-Shwari 2012, Fuliza 2019, na programu nyingine kadha wa kadha, kukopa kukawa jambo la kufanya kitandani, gizani, mwenzako amelala. Nilikuwa na mkopo wa benki wa nyumba, mkopo wa Sacco wa gari, na midogo ya simu ya kuzibia palipopasuka. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili mfanyakazi abaki na theluthi moja ya kuishi nayo. Karatasi yangu ya mshahara ilikuwa imekaa juu ya mstari huo kama ndege juu ya waya: mshahara 51,900, mkononi 17,300. Ila mikopo ya simu haionekani kwenye karatasi ile. Sheria iliona theluthi yangu iko salama. Mimi nilijua imeshaliwa kabla haijaingia. Karo ya akademi, shule ya binafsi, ilikuwa 28,000 kwa kila mtoto kwa muhula. Iliyotuokoa ni biashara ya mke wangu ya nguo za watoto za mitumba, na tuisheni nilizofundisha majumbani hadi saa tatu usiku. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu kusoma ili wangu wafundishwe kusoma na watu wengine.

Programu moja, ambayo sitaitaja, ilimpigia simu mwalimu mkuu kwa sababu nilichelewa siku nne. Walikuwa wamechota majina yote kwenye simu yangu. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole mwingi, na upole huo uliniuma kuliko kama angenigombeza. Desemba ya 2021 sheria ya Benki Kuu ilirekebishwa ili wakopeshaji wa aina hiyo wapate leseni na kusimamiwa. Kwangu ilikuja kijua kikiwa kimeshachwea.

Ule mwaka, 2021, ulikuwa mbaya kwetu walimu wa darasa la nane. Korona ilikuwa imevuruga kalenda. KCPE ya 2020 ilifanywa Machi 2021, ya 2021 ikafanywa Machi 2022, na ya 2022 ikafuata Novemba hiyo hiyo. Mitihani mitatu mikubwa ndani ya miezi ishirini na moja. Septemba nilianza kuumwa na kichwa cha kisogoni ambacho hakikusikia dawa. Nilienda zahanati, muuguzi akanifunga mkono, akasoma: 164 kwa 102. Akasubiri dakika kumi, akapima tena, ikawa ile ile. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. "Mwalimu, unakimbizwa na nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Sasa nirudi kwa nyanya, usiku ule wa Krismasi. Mke wangu na watoto walikuwa wameshalala. Mimi nilikaa na mama jikoni, kwenye kile kijumba cha udongo kilicho nyuma, mafiga matatu, sufuria ya mrenda ikitoa povu, moshi ukitafuta njia chini ya mabati. Nilikalia kigoda ambacho baba alikichonga. Nikapiga hesabu: sikuwa nimekaa jikoni humo tangu mazishi. Kila nilipokuja nilikaa ng'ambo ya ua, nikipangusa vumbi la sebule yangu ili wageni wakija wapate pa kukaa. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, ikinyamaza, ikitetemeka tena.

"Hiyo simu inakudai?" mama akauliza.

Nilikuwa niseme hapana. Badala yake nikamwambia yote. Nilimtajia jumla, shilingi 1,140,000, jumla ambayo hata mke wangu hakuwa ameisikia kwa ukamilifu wake. Mama hakushika kichwa. Alikoroga mrenda, akaonja, akaongeza magadi kidogo. Kisha akaanza kunieleza habari za migomba. Alisema pale nilipojenga alikuwa akikata mikungu miwili, mara mitatu, kila wiki, anaipeleka soko la Mbale, na wiki mbaya kabisa hakukosa mia tano. Hakuwa akilalamika. Alikuwa akizungumza tu, kama mtu anayekumbuka mji aliowahi kuishi.

Mimi mwalimu nikahesabu. Mia tano kwa wiki ni elfu mbili kwa mwezi, tena kwa uchache. Tangu nyumba ikamilike nilikuwa nikimtumia mama 1,500 kila mwisho wa mwezi, mara nyingi za kukopa, na kila nilipozituma nilijiona mwana mwema. Nilikuwa nimemng'olea elfu mbili zake ili nimtumie elfu moja na mia tano zangu. Na alikuwa ameniambia Mungu akubariki.

Kuna methali ninayoipenda, mtu hujikuna ajipatapo. Nimeiandika ubaoni mwaka baada ya mwaka. Nimewaeleza watoto maana yake ya juu na maana yake ya ndani, nikawapa alama waliopatia. Usiku ule ndipo ilipofika kwangu mwenyewe, na haikufika kwa njia ya ubao.

Tuliporudi Nakuru, mke wangu alichukua daftari la mraba la mtoto tukaandika kila kitu. Upande mmoja tuliweka vitu tunavyovikalia, yaani vile ambavyo kikiondoka siku hiyo hiyo utakihisi: kitanda, jiko la gesi, kibanda chake sokoni, baiskeli ya mtoto, mama, usingizi. Upande wa pili tukaweka vitu vya kuonwa. Huku kulijaa haraka, na karibu kila kitu cha huku kilikuwa na deni. Sisemi kitu cha kuonwa ni dhambi. Mtu hupenda kupendeza, na hata baba alikuwa na kaunda suti yake. Ila baba aliinunua kwa fedha aliyokuwa nayo, na aliivaa.

Hatukukubaliana kwa urahisi. Gari tuliliuza Februari 2022, kwa hasara, na mikopo yote ya simu ikaisha siku moja. Nilizifuta zile programu moja moja, kidole kikitetemeka. Lakini kuwatoa watoto akademi tuligombana wiki tatu. Mke wangu alikuwa na hoja ambazo hadi leo siwezi kuzipuuza. Darasa la shule ya umma ninayofundisha lina watoto zaidi ya sitini. Mwalimu mwema hawezi kuwafikia wote, mimi ninajua, maana mimi ndiye mwalimu huyo. Binti yetu alikuwa akifundishwa kuogelea na alilipenda bwawa kuliko kitu chochote. Aliliacha, akalia, na sikuwa na neno la kumpoza. Yeyote anayekwambia kuishi kwa kiasi hakuna gharama hajawahi kumweleza mtoto wa miaka tisa habari ya namna hiyo.

Alichopata badala yake ni mimi. Niliacha tuisheni za usiku. Saa kumi na mbili jioni niko nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe nikamsikia akisoma. Hukaa dirishani, kitabu mapajani, kidole chini ya mstari, na akifika neno gumu hulirudia kimya kwa midomo kabla hajalitamka. Nimefundisha maelfu ya watoto kusoma kwa sauti, lakini sikujua kwamba wangu anafanya vile kwa midomo.

Ninatembea kwenda shule. Asubuhi Nakuru huwa na baridi ya kuuma masikio hadi jua linapotoka, na miezi ya Septemba na Oktoba mijakaranda inamwaga maua, unakanyaga zambarau. Mwenzangu wa honi bado ananipita. Siku hizi husimama anipe lifti mvua ikinyesha, na mimi hupanda, na tunaongea. Jumapili tukiweza tunapanda Mlima Menengai. Tunabeba viazi vya kuchemsha na chupa ya turungi, tunakaa ukingoni juu ya shimo lile la volkeno la kilomita kumi na mbili kwa upana, mvuke wa visima vya jotoardhi ukipanda chini huko mbali. Ukigeuka nyuma unaliona Ziwa Nakuru, ambalo tangu miaka ya 2010 maji yake yamepanda hadi yakalifunika lango kuu la zamani la mbuga na kuingia kwenye nyumba za watu. Watoto hutupa mawe, hubishana, hulala kwenye nyasi. Presha yangu, nilipopimwa mara ya mwisho, ilikuwa 132 kwa 84, na dawa bado ninameza. Sitaki mtu asome hapa aache dawa zake aende kupanda mlima.

Kitu kigumu kuliko gari kimekuwa michango. Kila wiki kuna kamati, ya harusi, ya mazishi, ya kumsafirisha kijana wa fulani ng'ambo. Orodha hubandikwa kwenye kikundi cha WhatsApp, jina na kiasi, na kila anayetuma jina lake huongezwa chini ili wote waone. Nilikuwa nikituma 2,000 za kukopa. Sasa ninatuma 300, na jina langu linakaa pale katikati ya elfu tano na elfu kumi. Mara ya kwanza sikuweza kuifungua simu hadi jioni. Hakuna aliyesema neno. Lakini kwa msiba wa watu wa karibu ninafanya kitu ambacho zamani sikuwa na muda wa kukifanya: ninaenda. Ninapanga viti, ninachota maji, ninakesha na wafiwa motoni. Mjane mmoja wa landhi, rafiki wa mama wa siku nyingi, aliniambia hakumbuki nani alituma nini, anakumbuka nani aliosha sufuria.

Nilipoanza kuyasema haya shuleni, mzazi mmoja alinisimamisha. Anaishi mtaa wa Rhonda, anafua nguo za watu kwa kibarua, mtoto wake nilimfundisha. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, wewe umeamua kupunguza. Mimi sina cha kupunguza." Nimeyabeba maneno hayo tangu siku hiyo, na ninayaandika hapa kwa sababu ninataka yasomwe pamoja na yangu. Mlo mmoja kwa siku hauitwi maisha ya kiasi. Chumba kinachovuja Kaptembwo si fundisho kwa mtu yeyote. Mama yule anahitaji zaidi, anastahili zaidi, na akikimbia asubuhi kutafuta nguo za kufua, simwambii apunguze mwendo. Ninaowaandikia ni wenzangu wenye mshahara, sisi tuliokuwa tumefika penye kutosha tukapapita bila kupaona kwa kuwa tulikuwa tukimtazama aliye mbele.

Ile nyumba tumeipangisha. Kijana muuguzi aliyehamishiwa kituo cha afya cha karibu anaishi humo na mkewe na watoto watatu, wanalipa 7,000 kwa mwezi, na fedha hizo zinaenda moja kwa moja benki. Mzee wa ukoo aliniita. Alisema haijawahi kuonekana, mtu kuweka wapangaji kwenye boma la baba yake. Nilimwambia, "Mzee, nilijenga kwa sababu ya neno lako, na sijutii kukuheshimu. Lakini nyumba inataka watu." Hakuridhika. Tunasalimiana, ananiuliza habari za Nakuru, na jambo lile tunalizunguka kama kisiki. Huenda ana haki katika kitu ambacho mimi sikioni. Amezika watu wengi kuliko mimi.

Agosti ya 2024 nilienda peke yangu. Matatu hadi Kisumu, nyingine ya kupanda Mbale, begi moja mgongoni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Nyuma ya nyumba, kwenye ukanda mwembamba uliobaki, kulikuwa na migomba minane niliyompandia mama mwaka uliotangulia, mmoja ukianza kutoa mkungu. Viti vya kahawia, vitatu viko kwa mama, vingine viko kwa muuguzi, na vyote vimeshachakaa mikononi pale watu wanapoegemea. Mama alikuwa ameanika mahindi uani, nasi tulikaa kuyapukuchua, yeye na mimi na wale watoto wa mpangaji, ambao wanamwita nyanya. Kama saa tisa mbingu iligeuka upande wa Kakamega, upepo ukaleta ile harufu ya vumbi linaloanza kulowa, na matone ya kwanza, mazito, yakagonga mabati.

"Nailoni!" mama akaita. "Leteni ile nailoni ya viti!"

Mtoto mkubwa akakimbia kuileta kutoka darini kwa mama, tukaikamata pembe nne, tukaivuta juu ya mahindi, tukaikandamiza kwa mawe, nguo zimeshalowa.